Gari Likibadilika, Waambie

Mwalimu hakumsalimia mtu kabla ya kulisalimia gari lake. Ukisimamisha gari mbele ya nyumba katika mtaa wetu wa Jericho, naye akawa anapita, angeacha njia yake, akafunga mikono mgongoni na kulizunguka polepole, kama mtu anayemkagua ng'ombe sokoni. Aliinama kutazama magurudumu. Aligonga mlango kwa kifundo cha kidole. Alisogeza uso karibu na kioo kusoma stika ya bima. Ndipo alipoinua kichwa, na badala ya kukuuliza habari za asubuhi, alikuuliza, "Umewaambia?"

Mgeni alidhani ni karao, polisi aliyevaa kiraia, akaanza kutafuta leseni mifukoni. Sisi wenyeji tulijua kuwa Mwalimu hamaanishi serikali. Alimaanisha kampuni ya bima. Kwake yeye gari lilikuwa kama mtu aliyeandikwa mahali fulani jinsi alivyo: rangi hii, injini hii, kazi hii. Ukilibadilisha bila kuwaambia walioliandika, basi unatembea na gari lisilojulikana, na stika yako ni pambo tu.

Alikuwa mwalimu wa kuendesha magari. Shule yake ilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa maduka, kilichokuwa na benchi mbili na ubao mpana aliouchora barabara kwa rangi nyeupe. Ubao ule tuliuita mji. Magari ya mji huo yalikuwa vifuniko vya soda, na mwanafunzi hakugusa usukani kabla hajaweza kukisukuma kifuniko chake kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine bila kumnyima mtu njia yake. "Wewe ni kifuniko chekundu," Mwalimu angesema. "Unatoka Makadara, unakwenda Pumwani. Huyu wa buluu anatoka kulia kwako. Nani apite kwanza?" Wanaume wazima, wengine madobi, wengine mafundi wa viwandani, waliinama juu ya ubao ule wakitoa jasho kuliko walivyotoa kazini.

Alivaa tai kila siku ya juma. Tai ilikuwa moja, ya kahawia, nayo ilikuwa imefungwa fundo ambalo sidhani liliwahi kufunguliwa. Aliipanua tu na kuipitisha kichwani. Viatu vyake viling'aa hata wakati wa mvua, na katika Jericho ya siku zile, penye matope ya kumeza gumboti, hilo lilikuwa jambo la watu kulijadili. Aliogopa mbwa. Hata mbwa mdogo akibweka nyuma ya ua, Mwalimu alivuka barabara, na alivuka kwa heshima zote, akitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena.

Gari la shule lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa. Alipolinunua lilikuwa na breki moja kama magari yote. Akalipeleka kwa fundi wa Gikomba, akawekewa breki ya pili na klachi ya pili upande wa abiria, ili mwalimu aweze kulisimamisha mwanafunzi akipotewa na akili. Wenye shule za kuendesha wote hufanya hivyo. Ila Mwalimu, kabla ya kufundisha mtu hata mmoja, alivaa ile tai, akapanda basi hadi mjini, akaenda kuwaambia wenye bima kwamba gari lao sasa lina breki mbili na kazi yake ni kufundisha. Wakamwongezea malipo. Alirudi mtaani akiwa ameridhika kabisa. Vijana walicheka wiki nzima. "Mwalimu amejishtaki," walisema, "na kesi akashindwa."

Kwa sababu gari liliandikwa la kufundishia, halikufanya kazi nyingine yoyote. Kanisani alikwenda kwa miguu. Sokoni kwa miguu. Mkewe, Mama Mwalimu, mwanamke mnene mwenye mzaha aliyeuza mboga karibu na kibanda cha shule, alibeba magunia ya sukumawiki kutoka stendi ya basi akipita kando ya gari la mumewe lililooshwa likameremeta. "Wenzangu wakiona nimeolewa na mtu wa gari, wananionea wivu," alituambia. "Mume wangu ana gari. Mimi nina miguu."

"Gari si langu la kubeba sukuma," Mwalimu alijibu kutoka kibandani, bila kuinua macho kwenye mji wake.

"Basi nami nisajili, nijifunze kuendesha. Nitajifunza nikiwa na magunia yangu nyuma."

Hata hapo hakucheka. Lakini siku ya pili nilimwona amebeba gunia moja begani, tai imepinda, akimfuata mkewe nyuma kama mpagazi.

Kijana mmoja wa mtaa jirani alikuwa na gari la baba yake, akaliinua nyuma, akalitia magurudumu mapana na spika zilizotikisa madirisha. Akaja nalo kujionyesha mbele ya maduka.

"Sasa, Mwalimu! Cheki moti."

Mwalimu akalizunguka. "Umeliinua matako."

"Ni staili, buda."

"Umewaambia?"

"Akina nani tena?"

"Wenye stika."

"Aa, Mwalimu, wachana na hizo. Nikiwaambia si wataongeza doo?"

"Wataongeza. Na usipowaambia, siku ukigonga watasema gari walilolijua lilikuwa na matako chini. Hili ni la nani? Utakuta umelipa miaka yote kwa ajili ya gari la mtu mwingine."

Wenzake aliokuja nao waliangua kicheko. "Mwalimu amekuchapa bila kiboko!" Yule kijana aliondoka kwa kelele na moshi, lakini nilisikia baadaye kwamba yale magurudumu aliyauza.

Kisa kilichopendwa zaidi mtaani kilikuwa cha mzee mmoja wa kanisa, mwenye gari la kubebea kuni. Mwalimu alimsumbua sana na swali lake, hata mzee akakubali waende pamoja mjini kutangaza mabadiliko. Tulikisikia kisa chenyewe kutoka kwa mzee, ambaye hakuona cha kuchekesha ndani yake. Karani wa bima alimuuliza gari limebadilika nini.

"Limeombewa," mzee akasema.

"Limefanywa nini?"

"Limeombewa, likapakwa mafuta ya zeituni kwenye boneti. Pasta mwenyewe."

Karani akaweka kalamu chini. "Mzee, hilo kwetu si badiliko."

"Si badiliko? Tangu siku hiyo halijawahi kunizimikia njiani! Nyinyi kazi yenu si kuogopa hatari? Hatari imepungua. Nipunguzieni."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka hadi askari wa mlangoni akaja kutazama. Mwalimu peke yake hakucheka. Walipokuwa kwenye basi wakirudi alimwambia mzee, "Umefanya vizuri. Umesema lile ulilolijua." Mzee akafurahi, na kwa furaha hiyo akaongeza kwamba fundi aliyemtilia injini mpya, kubwa kuliko ile ya zamani, pia alikuwa mtu wa maombi.

"Injini gani mpya?" Mwalimu akauliza.

"Si hii niliyotiliwa kabla ya Pasaka."

"Na hukuwaambia?"

"Injini?" mzee akashangaa. "Injini ni kitu kidogo."

Walishuka kituo kilichofuata, wakavuka barabara, wakangoja basi la kurudi mjini.

Mtu akisikia visa hivi atadhani Mwalimu hakujua kudanganya. Alijua, na alidanganya kila siku, ndani ya gari lile lile. Mwanafunzi mpya akikaa kwenye usukani, Mwalimu alimwambia kwa sauti ya huzuni, "Leo breki yangu imekatika waya. Tutaitegemea yako." Mimi aliniambia hivyo mara ya kwanza nilipoingia Jogoo Road. Nikaendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Mbele ya Makadara mkokoteni wa makaa ukakatiza ghafla. Nilikanyaga klachi nikidhani ni breki. Gari likasimama lenyewe, taratibu, umbali wa mkono kutoka kwa yule mwenye makaa aliyekuwa tayari anatutukana.

"Ilikuwa imekatika!" nikamwambia Mwalimu.

"Imepona," akasema. "Washa gari."

Mguu wake haukujua kupumzika. Hata akipanda gari la mtu mwingine alikanyaga sakafu kila tulipokaribia makutano, na kanisani mhubiri akianza kwenda mbio niliona kiatu chake kikibonyeza ubao chini ya benchi.

Tena alikuwa na siri yake. Daktari alikuwa amemkataza sukari, na Mama Mwalimu akaifungia nyumbani kama dhahabu. Basi Mwalimu akawa anaficha mfuko wa sukari kwenye kidroo cha gari, chini ya kitambaa cha kupangusia kioo. Nilimfuma siku moja akijimiminia kwenye kikombe cha chai ya kibandani.

"Mwalimu," nikamwambia, "hayo umewaambia?"

Alikoroga chai bila haraka. "Hayo ni mabadiliko ya dereva. Mimi nazungumzia magari."

Sasa niseme jinsi nilivyofika kwenye usukani wake. Baba alifariki nikiwa kidato cha kwanza, na mama hakumaliza mwaka baada yake. Siku zile wengi tulianza shule tukiwa wakubwa, kwa hiyo nilipomzika mama nilikuwa na umri wa kuchukua leseni, ingawa nilikuwa nimevaa bado sketi ya shule. Nyuma yangu walikuwepo watatu: Barasa, Nekesa, na Simiyu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameota upya meno ya mbele. Baba alituachia pikapu, imefunikwa turubai nje ya nyumba.

Baba mdogo alitoka Bungoma, akakaa sebuleni, akatugawa. Barasa angekwenda kwa shangazi. Nekesa angemchukua yeye mwenyewe. Simiyu angepelekwa kwa nyanya. Mimi, akasema, ni mkubwa, naweza kutafutiwa kazi ya nyumba kwa watu. Pikapu ingeuzwa. Hakusema hayo kwa ubaya. Alikuwa na watoto wengi na shamba dogo, na hiyo ndiyo hesabu aliyoijua. Lakini mimi nilimtazama Simiyu aliyelala kwenye paja la Nekesa, nikajua kwamba tukiachana siku ile tutakuwa watu wa kusalimiana kwenye matanga.

Mwalimu alikuwa amekuja kutoa pole kama majirani wengine. Kabla ya kuingia tulimwona dirishani akiinua turubai na kuizunguka pikapu. Aliingia, akakaa, akapewa chai, akainywa hadi mwisho. Kisha akamwambia baba mdogo, "Ndugu yangu, gari lisilotembea lina wenyewe wengi. Likitembea, mwenyewe ni mmoja. Tuachie hadi Krismasi. Msichana huyu atakuwa na leseni."

Baba mdogo akacheka. "Msichana? Na pikapu?"

"Pikapu haiulizi."

Baba mdogo alikubali, nadhani kwa kuona haya mbele ya mgeni mwenye tai. Hivyo ndivyo mimi, niliyeacha darasa, nilivyopata mwalimu wangu wa mwisho. Nilifagia kibanda chake na kumsomea majina ya wanafunzi, naye akanifundisha. Krismasi ilipofika nilikuwa na leseni, na baba mdogo alipokuja nilimchukua stendi kwa pikapu. Alishika mlango kwa mikono miwili njia nzima, lakini alirudi kwao peke yake.

Kiwanda kimoja cha mikate kule Industrial Area kilikuwa kikitafuta mtu wa kusambaza mikate kwenye vioski vya Jericho, Makadara na Hamza. Walinikubali kwa sharti kwamba mikate isipigwe na vumbi. Nikaipeleka pikapu Gikomba, fundi wa bodi akaijengea sanduku la bati lenye rafu za kuingiza kreti, akaongeza jani la chuma kwenye springi ili zibebe uzito, na kwa ukarimu wake mwenyewe akachomelea benchi ndani, akisema Jumapili nitabeba kwaya. Pikapu ya baba ikawa ndefu, ya kuheshimika. Nilirudi nayo mtaani nikipiga honi. Nekesa na Simiyu walikimbia kando yake hadi nyumbani.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Akaizunguka mara mbili.

"Umewaambia?"

Nilikuwa nimekwisha kulielewa swali lile kwa watu wengine. Sasa lilikuwa langu, na lilikuwa na ladha nyingine. Barasa alinivuta kando. "Dada, nani atajua? Mikate ni kesho asubuhi. Mwache mzee na mambo yake." Nami nilitaka kumwacha. Lakini Mwalimu hakuondoka.

"Msichana," akasema, "Mungu apishe mbali, lakini ukimgonga mtoto wa mtu pale Jogoo Road, watakuja kuitazama pikapu hii. Watasema, sisi tunaijua pikapu ya mzee fulani ya kubeba vitu vyake vya nyumbani. Hili lori la mikate hatulijui. Utalipa mwenyewe; watauza pikapu, watauza vitanda. Halafu baba yako mdogo atakuja tena, na safari hiyo sitakuwa na la kumwambia. Watoto hawa watatu wamesimama juu ya gari hili. Usiwasimamishe juu ya uongo."

Nikaenda mjini, nikasema yote kwenye dirisha la kampuni: sanduku, springi, benchi, mikate. Karani alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba mpaka mkaguzi wao aione pikapu, nisibebe chochote cha biashara. Mkaguzi atakuja lini? Akipata nafasi. Na kiwanda kilikuwa kimeniambia wazi: siku mikate isipofika vioskini, kazi inapewa mwingine.

Nilikwenda moja kwa moja kibandani. "Mwalimu, nimesema. Sasa nisaidie. Niazime gari la shule siku chache hizi. Kreti zitaingia nyuma."

"Lile ni la kufundishia."

"Mikate haina mikono, Mwalimu. Haitagusa usukani."

"Limeandikwa la kufundishia."

Wanafunzi wake walikuwa wameinama juu ya mji, wakijifanya hawasikii. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia anawapenda wenye stika kuliko watoto wa jirani yake. Nilimwambia ni rahisi kuwa mkweli mtu akiwa na chakula. Alitazama chini kwenye vifuniko vyake, nami nikaenda nyumbani nikapika uji mwepesi, nikalala bila kunywa.

Kulipopambazuka nilisikia magurudumu yakikwaruza mawe mlangoni. Nilifungua, nikamkuta Mwalimu amesimama katikati ya mikono ya mkokoteni mkubwa wa kubebea makaa, umesuguliwa kwa maji na sabuni hadi mbao zimebadilika rangi. Alikuwa na tai yake.

"Lete turubai," akasema. "Mikate haitaki vumbi."

Tulikwenda Industrial Area, yeye akivuta mbele, mimi nikisukuma nyuma. Tulipakia kreti, tukafunika, tukavuka reli, tukapanda kuja mitaani. Mlima ambao kwa gari hukuujua kuwa ni mlima, kwa mkokoteni uliujua. Wanafunzi wake wa zamani, sasa madereva wa malori, walipunguza mwendo ili wamtazame vizuri.

"Mwalimu! Umefeli testi?"

"Mwalimu, hiyo nayo umeiambia inshuransi?"

"Haina injini," Mwalimu alijibu akihema. "Haina la kuficha."

Hata mimi, niliyekuwa bado na hasira, nilicheka hadi nikaachia kusukuma, naye akapiga kelele kwamba breki ya nyuma imekatika.

Tulifanya hivyo kila asubuhi hadi mkaguzi alipokuja. Tukimaliza vioski, Mwalimu alinawa uso kwenye bomba, akakung'uta vumbi kwenye suruali, akafungua kibanda kwa mwanafunzi wa kwanza. Mama Mwalimu alisimama kwenye mboga zake akitutazama tukipita. "Miaka yote nimebeba magunia," alisema, "kumbe mume wangu ni punda mzuri hivi." Lakini jioni alileta sufuria ya maharagwe nyumbani kwetu, na hakuitaja. Mimi na Mwalimu hatukuwahi kuyarudia maneno niliyomwambia. Yalibaki pale barabarani, yakakanyagwa na magurudumu.

Mkaguzi alikuwa kijana wa miraba minne mwenye haraka. Aligonga sanduku, akalala chini kutazama springi, akasema benchi litolewe kwa sababu hili si gari la abiria, na malipo yataongezeka. Benchi likatolewa, na kwaya ikaendelea kwenda kwa miguu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuchukua mikate kwa pikapu.

Watu nikiwasimulia haya huniuliza mara moja: halafu? Iligongwa? Bima ikalipa? Wanataka hadithi iwe na funzo lake. Haikugongwa. Miaka yote ile niliyobeba mikate, pikapu haikukwaruzwa ila na ng'ombe mmoja wa Dandora aliyejikuna kwenye mlango wake. Fedha nilizowalipa wenye bima sikurudishiwa hata senti. Nilichopata ni kwamba kila asubuhi, nikikuta karao wamesimama barabarani, mikono yangu ilikuwa myepesi kwenye usukani. Watoto walikula. Waliokuja kuniuliza habari za watoto waliwakuta wote mahali pamoja.

Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni Jericho ilibadilika, shule kubwa za kuendesha zikafunguliwa mjini na magari mapya, na kibanda kikawa na wanafunzi wachache. Mama Mwalimu akafariki. Ile sukari ya kidroo ikamdai Mwalimu miguu yake. Kidole kimoja kilikatwa, kidonda hakikutaka kupona. Binti yake akamchukua akaishi naye Dandora, katika nyumba ya mawe aliyokuwa akiijenga chumba kimoja kimoja. Nilikuwa nikimpelekea mkate nikipita, lakini nikipita tu, injini ikinguruma nje.

Mara ya mwisho nilipomtembelea kwa kukaa, nilikwenda kwa basi. Pikapu nilikuwa nimeiuza wiki ile. Nilimkuta peke yake, amekaa kwenye kiti cha mbao mlangoni, mguu umefungwa kitambaa na kuwekwa juu ya kigoda. Tai hakuwa nayo. Macho yake yalikuwa yamefifia, ila hatua zangu alizijua kabla sijafika.

"Umekuja bila kelele leo."

"Nimeuza pikapu, Mwalimu. Nilitaka nikuambie mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza niliuza kwa nani wala kwa kiasi gani. "Barasa?"

"Yuko Mombasa, bandarini. Ana mke sasa."

"Nekesa?"

"Anasomea uuguzi. Anamaliza mwakani."

"Na yule mdogo wa kulialia?"

"Simiyu halii tena, Mwalimu. Amemaliza shule. Amepata nafasi chuo cha ualimu. Ndiyo sababu nimeuza."

Akatabasamu, akageuza uso kwenye jua. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi kwenye njia, wakizozana kuhusu bao.

"Na mama yao?" akauliza.

Nilidhani uzee umemchanganya. Nikamwambia polepole, "Mama alifariki zamani, Mwalimu. Wewe ulikuja kutoa pole."

"Yule namjua. Simuulizii yule." Aligeuka, akanielekezea yale macho yake yasiyoona vizuri. "Namuulizia huyu aliyekaa hapa."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza. Nilitaka kutoa jibu la kawaida, lile la mzima, hatujambo, tunashukuru. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Amechoka, Mwalimu."

Hakusema pole. Alinyoosha mkono kuelekea ndani. "Basi kuna mkeka pale nyuma ya mlango. Lala."

Nilicheka. Nikamwambia ni saa za mchana, nimekuja kumwona mgonjwa, nitalalaje. Mkono wake ulibaki umenyooka. Nikavua viatu. Nikatandika mkeka kwenye sakafu ya saruji iliyopoa, nikajilaza nikisema ni kwa dakika chache tu, na sikumbuki nilipofumba macho.

Nilipoamka jua lilikuwa limeingia mlangoni hadi miguuni mwangu. Mtu alikuwa amenifunika shuka. Nje, mpira ulikuwa umegonga ukuta, na nikamsikia Mwalimu akiwaambia wale watoto kwa sauti ya chini, "Nyamazeni huko. Kuna mtu amelala."